Barua ya wazi kwa wakubwa wa bwawa la Mtera: risiti mlikagua, boti je?

Waheshimiwa, shikamooni wote mnaostahili shikamoo, na wengine habari za kazi. Barua hii sijaiandikia ofisi moja kwa sababu mpaka leo sijajua ofisi inayohusika na ajali ya boti iliyotupata pale bwawani ni ipi, na hilo ndo linalonifanya niandike. Inawahusu mnaotoa vibali vya uvuvi, mnaosimamia vyombo vya majini, mnaokusanya ushuru mwaloni pale boti zinapoegesha, mnaotunza maji ya bonde, mnaozalisha umeme pale, na nyie wa halmashauri za upande wa Dodoma na upande wa Iringa mnaogawana bwawa lile. Kama cheo chako sijakitaja na unajua unahusika basi soma tu.

Najua swali la kwanza litakuwa "huyu naye alienda kufanya nini huko". Mimi ni mtumishi wa kawaida, nilihamia Dodoma na wizara kipindi kile cha kuhamia makao makuu, naishi Nkuhungu, na wikiendi navua samaki. Siyo kwa wavu. Nimekulia Mufindi kwenye mashamba ya chai, kule kuna mabwawa yamepandikizwa samaki wa trauti, baba alikuwa anambebea meneja wake vifaa vya kuvulia mpaka na yeye akajua, akanifundisha na mimi. Wenyewe wanaita flai. Ndoano ndogo unaifunga manyoya na nyuzi ifanane na mdudu au kisamaki, haina uzito wowote, kinachorushwa ni mshipi wenyewe ambao ni mnene kidogo, unaupiga nyuma ukanyooka, unausukuma mbele, ndoano inatua taratibu kabisa majini. Watu wakiniona wanacheka kwanza. Nahodha wetu siku ya ajali aliniuliza "dada, sasa hapo chambo kiko wapi?" nikamwonyesha unyoya wa kuku kwenye ndoano, akatikisa kichwa akasema samaki wa Mtera siyo wajinga kiasi hicho. Perege wa kwanza alipokuja jamaa akanyamaza, wa pili akaanza kuomba na yeye ajaribu.

Sasa kwa sisi tunaoishi Dodoma ukitaka maji makubwa hamna sehemu nyingi za kwenda, Hombolo ipo karibu na ni pazuri ila ni padogo, kwahiyo wengi tunashika barabara ya Iringa, unapita Mlowa, unapita Fufu, unaona nchi inashuka na joto linapanda, afu unatokea Mtera. Ni kama masaa mawili hivi. Ukienda Jumamosi utakuta magari ya mjini yamejaa, familia zinakula perege wa kukaanga pembeni ya barabara, vijana wanakodi boti wapige picha. Miaka ya nyuma haikuwa hivyo. Mji umekua na watu wake wanatafuta pa kupumzikia, na bwawa limekuwa sehemu ya mapumziko bila mtu yeyote kukaa chini akaamua kwamba sasa ni sehemu ya mapumziko.

Wengi wanaokuja hawalijui bwawa lenyewe. Lilijengwa likakamilika 1980, kazi yake ikiwa kuhifadhi maji kwa ajili ya mitambo ya umeme ya Kidatu huko chini mtoni, mtambo wa Mtera wenyewe wa megawati 80 ukaja baadaye, 1988. Maji yanaingia kutoka Ruaha Mkuu, Ruaha Mdogo na Kisigo, na likijaa linatandaa zaidi ya kilomita za mraba 600. Ila siyo la kina sana, ni pana tu. Na maji yalipopanda yaliimeza miti ikiwa imesimama, ikafia humohumo, mpaka leo mingine unaiona imesimama mikavu katikati ya maji na ndege juu yake, wageni wanaipenda sana kwa picha. Ile inayoonekana haina shida. Shida ni ile iliyokatikia chini.

Kiwango cha juu kabisa cha maji pale ni mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na cha chini kabisa cha kuendeshea mitambo ni mita 690. Kati ya hizo namba mbili kuna mita nane na nusu. Yaani kisiki ambacho mwezi wa tano boti inakipita juu bila kujua kama kipo, mwezi wa nane kinaweza kuwa kimebakiza kiganja kimoja kutokeza, na mwezi wa kumi na moja kiko nje kabisa kila mtu anakiona. Hatari iko pale katikati, na inahama mwaka hadi mwaka kutegemea mvua ilinyeshaje na umeme umevuta maji kiasi gani. Nahodha aliyepita njia fulani wiki tatu zilizopita akapona hana uhakika wowote kwamba njia ni ileile. Hii siyo elimu ya kwenda kuagiza nje, namba ya maji ya kila siku ipo, wenye mitambo wanaipima, hawawezi kuendesha mtambo bila kuijua, na tukiingia kwenye mgao wa umeme huwa tunatajiwa kwenye taarifa ya habari mpaka desimali. Ila ukisimama mwaloni ukauliza leo maji yako wapi utaonyeshwa kwa kidole.

Haya, siku yenyewe. Ilikuwa Jumamosi mwezi wa nane. Mwaloni tulilipa kibali cha kuvulia ndoano, tukalipa ushuru wa kuingia, tukalipa na maegesho ya gari, nayo ina risiti yake. Kijana mwenye mashine alikuwa makini kweli, risiti moja ilitoka imefifia akaibadilisha karatasi akaitoa tena, akasoma jina langu herufi kwa herufi kuhakikisha halijakosewa. Boti tuliyokuwa tunaenda kupanda ilikuwa hatua chache nyuma ya mgongo wake. Hakugeuka. Siyo kwamba aligeuka akaona akanyamaza, hapana, hakugeuka kabisa, kwa sababu hakuna mahali kwenye kazi yake pameandikwa ageuke.

Angegeuka angeona hivi. Boti ya mbao, ubao wa upande wa kulia umezibwa kwa pamba na lami, na juu yake kipande cha bati kimepigiliwa misumari ambayo imeshaanza kutu. Watu watano pamoja na nahodha, laifu jaketi mbili, moja kati ya hizo kifungo kiling'oka wakafunga kamba ya katani. Kasia moja. Galoni la lita tano lililokatwa la kuchotea maji. Kamba ya kutupia mtu hamna, filimbi hamna, kitu chochote cha rangi ya kuonekana kwa mbali hamna. Tuliuliza laifu jaketi zingine, tukaambiwa zimeenda na boti nyingine, na kwa kweli sina hakika kama hiyo boti nyingine iliwahi kuwepo.

Mtasema mbona mlipanda. Mtu ametoka kulipa, ameshika risiti yenye nembo, aliyempokea hela yuko palepale anamtakia safari njema, lazima ataamini kuna mtu kwenye huo mlolongo aliyekikagua chombo. Abiria anayepanda basi stendi ya mjini haingii chini ya gari kuangalia springi.

Asubuhi ilikuwa tulivu, perege wanapenda kukaa kwenye kivuli cha visiki na ndo nilikokuwa natupia, kila kitu kilienda vizuri. Mnajua upepo wa kiangazi wa huku kwetu, hauna salamu. Ilipofika mchana ukaanza, na bwawa likiwa pana na maji mafupi mawimbi yanakuwa ya karibukaribu, yanapiga ubavuni hayakupi nafasi ya kupumua. Nahodha akaamua kukatisha katikati ya miti arudi haraka. Simlaumu, alitaka tufike. Nilisikia mlio mfupi wa mbao kwa chini, hata haukuwa mkubwa, afu mashine ikapiga kelele ya juu sana, pini ya propela imekatika, propela haizunguki tena. Boti ikageuka ubavu kwenye upepo. Wimbi la pili au la tatu lile bati likabanduka.

Shemeji yangu akasimama, ndo kitu mwili unafanya wenyewe. Sasa kwenye flai ule mshipi uliouvuta unakaa sakafuni miduara miduara, mita nyingi tu, ukamkamata miguu akaenda majini nao. Hakuwa na laifu jaketi maana zile mbili tulikuwa tumewapa wasiojua kuogelea. Nahodha akauwahi mshipi kwa meno, kisu kilikuwa kwenye ndoo na ndoo imeshaelea, akaukata kwa meno akamshika jamaa kwenye ukosi. Ndoano ilimwingia shemeji kiganjani, ila ndoano zangu huwa naubana ule mwiba wa pembeni kwa koleo ili samaki mdogo nikimrudisha asiumie, kwahiyo ilitoka bila kuchana nyama. Nawaambia hili kwa sababu kuna mtu kwenye kanuni zenu za uvuvi wa ndoano angeweza kuandika sentensi moja tu kuhusu huo mwiba, na ingesaidia samaki na binadamu kwa pamoja.

Tukashika mti mkavu mmoja wakati boti imejaa maji mpaka mdomoni, ya mbao haizami yote ila haikubebi tena. Viboko tuliwasikia wakihema, sikuwaona na sikutaka kuwaona. Mamba wapo pia, kila mtu wa pale atakwambia. Simu iliyobaki kavu ilikuwa inapata kistari kimoja, ukipiga kinapotea.

Waliotutoa ni vijana wawili wa mtumbwi. Wanatega usiku, mchana wanalala, sema mmoja alikuwa ufukweni anatengeneza nyavu zake akatuona. Walikuja kwa makasia upepo ukiwa usoni, wakatuchukua wawili wawili maana mtumbwi ukiuzidishia unakuwa na ajali mbili. Kila safari wanarudi tena, mikono inatetemeka na bado wanarudi. Hawakuuliza hela, hawakuuliza sisi ni nani. Tulipofika nchi kavu yuleyule mwenye mashine ya risiti akaja, nikajua anakuja kutupa pole. Akawauliza wale vijana leseni yao ya mwaka huu iko wapi.

Naomba mrudie kuisoma hiyo sentensi maana mimi bado inanikaa kooni.

Basi tukaenda kutoa taarifa kama raia wema, nguo zimelowa. Ofisi ya upande huu wakatusikiliza vizuri tu, wakauliza ajali imetokea sehemu gani, tukaeleza, yule bwana akaangalia ramani akasema hapo kama mlivyoelekeza ni upande wa wenzetu. Mpaka wa mikoa unapita humo ndani ya maji. Tukavuka ukuta wa bwawa kwenda upande wa pili, nao wakauliza boti ilitokea wapi, tukasema ng'ambo, wakasema basi anayesajili hiyo boti ndo anatakiwa aandike, rudini, na leo ni Jumamosi mhusika hayupo. Hakuna kitabu hata kimoja kilichofunguliwa. Kwahiyo kiserikali ile ajali haijatokea, na ninavyojua mimi kazi za ofisini ajali ambayo haijaandikwa haiingii kwenye ripoti, isiyoingia kwenye ripoti haina fungu, na mwakani kikao kitakaa mtasema Mtera hakuna matukio.

Nchi hii ajali za majini tunazijua. MV Bukoba 1996. MV Nyerere pale Ukara 2018. Kila mara tunalia, tunaunda tume, tunaongelea vivuko. Vivuko ni sawa, vinabeba watu wengi, ila kuna maelfu ya watu kila siku wako kwenye boti za mbao kwenye mabwawa na mito ya bara ambako hamna kivuko wala kamera ya televisheni, wanakufa mmojammoja. Na Novemba 2022 ndege ilipoanguka ziwani kule Bukoba, nani walifika kwanza? Wavuvi na mitumbwi yao. Nchi nzima tuliona. Kama tunajua kwamba waokoaji wetu wa kwanza ni wavuvi, mbona hatuwapi hata kamba?

Mimi siombi boti ya uokoaji ya mabilioni, najua mtasema bajeti na mtakuwa mnasema kweli. Naomba yule kijana wa mashine ageuke. Apewe karatasi ya mistari mitano, laifu jaketi zinatosha watu waliomo, kasia mbili, kopo la maji, kamba, boti haivuji, na risiti isitoke mpaka ameweka tiki. Kama mashine inaweza kukataa kutoa risiti bila namba ya malipo basi inaweza kukataa bila hiyo tiki. Laifu jaketi zikae mwaloni kwenye banda, abiria akodi kwa hela ndogo arudishe, wanaokuja na magari kutoka mjini hawatashindwa, tunalipia mpaka maegesho. Namba ya maji iandikwe kila asubuhi kwenye ubao kwa chaki pale mwaloni pande zote mbili, wenye mitambo wanapiga simu tu, dakika moja. Na visiki vya njia kuu vifungwe madumu ya njano ya mafuta ya kula, madumu hayo yamejaa kila genge, wazee wa pale wanavijua visiki kwa kichwa, walipeni posho ya siku mbili wakati maji yamepungua na kila kitu kiko wazi, wavitembelee wavifunge. Kule Dodoma posho ya siku mbili inatolewa kwa semina ya kujadili semina.

Wale vijana wa mtumbwi na wenzao kupitia BMU ya mwalo, yaani kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia uvuvi, wapewe kamba, maboya, na mafuta ya akiba, na ijulikane rasmi kwamba mvuvi anayeacha nyavu zake kwenda kuokoa mtu siku hiyo haulizwi leseni. Hata kama leseni hana, muulizeni kesho.

Kuhusu mpaka, hilo mimi siliwezi, nyie ndo mnaliweza. Halmashauri zinazogusa maji yale zikubaliane ofisi moja, yoyote, ya upande wowote, iwe na kitabu kimoja cha ajali za bwawa zima na namba moja ya simu iliyopakwa rangi kwenye ukuta. Samaki hawajui mpaka uko wapi na ushuru wake mnaugawana vizuri tu.

Ombi lingine ambalo naliogopa zaidi. Tafadhali msijibu barua hii kwa kufunga. Nawajua, na mimi ni mtumishi, njia rahisi ya kumaliza tatizo ni tangazo la marufuku, "kuanzia leo boti za kukodi zimepigwa marufuku mpaka itakapotangazwa vinginevyo", na haitatangazwa. Mkifunga mtamnyima ugali yule nahodha na wale vijana, na watu watapanda boti kwa kificho jioni, ambapo hata risiti hamna. Huko kwenye mito ya Mnyera na Ruhudji, bonde la Kilombero, kuna wageni wanapanda ndege kutoka nchi za mbali kumfuata taigafishi kwa flai hiihii, yule samaki mwenye meno ya kutokea nje, wanalipa hela ambazo nikiwatajia marafiki zangu wanadhani nimekosea sifuri. Mtera iko kando ya lami, masaa mawili kutoka makao makuu ya nchi. Sisemi itakuwa Kilombero. Nasema mtu wa Area D pale Dodoma mjini angeweza kwenda na watoto wake Jumamosi akatupa ndoano akarudi nao wote, na mwalo ukapata hela kila wiki.

Kisiki kilichotupasua nina picha yake na alama ya mahali kilipo kwenye ramani ya simu, anayetaka kwenda kukifunga dumu namtumia leo hiihii, sitahitaji barua rasmi. Nahodha mpaka naandika bado hajapata ubao wa kutengenezea boti yake, tulichanga kidogo haikutosha. Risiti zangu zote ninazo, zimekauka na zinasomeka, ile ya maegesho pia. Ofisi itakayojibu nitaenda nayo mpaka mwaloni kwa nauli yangu, isipokuwa ile itakayoniambia nivuke ukuta niende upande wa pili.

Ni mimi mwananchi wenu,
mvuvi wa wikiendi, Nkuhungu, Dodoma